Pimeni Vyombo Vyetu Kabla ya Kutoboa Shimo la Chupa

Kwa wanaobuni magari,
kwa wanaounda mabodi ya matatu,
na kwa wanaoandika na kupitisha viwango vya magari nchini Kenya.

MINT: MAHALI PA KUWEKEA CHUPA NA KIKOMBE NDANI YA GARI

Waheshimiwa,

Mimi ni dereva. Kwa miaka 14 nimebeba abiria kati ya Kisumu na Nakuru, kupitia Ahero, Awasi, Kericho na Mau Summit, na siku ambazo steji imelala nawabeba wageni wanaotaka kuona wanyama katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Nawaandikia kuhusu kitu kidogo cha plastiki kilicho kando ya gia. Huenda nyinyi mna jina la kitaalamu la kitu hicho. Mimi nakiita shimo la chupa.

Julai mwaka jana tuliondoka Kisumu alfajiri, abiria sita na mimi. Nilikuwa na chupa ya chuma ya lita moja, ile ya kuta mbili inayotunza joto, imejaa chai ya maziwa aliyonipikia mke wangu. Chupa hiyo haikuingia kwenye shimo la gari siku niliyoinunua, wala haijawahi kuingia tangu hapo. Nikafanya tunavyofanya wengi: niliizungushia sweta, nikaibana kati ya kiti changu na breki ya mkono.

Mau Summit kulikuwa na ukungu na manyunyu. Tukapita njia panda ya Molo, tukaanza kuteremka Sachangwan. Anayeijua barabara hiyo anaujua ule mteremko: malori yenye mizigo mizito yanashuka kwa gia ndogo, lami imelowa, na anayekufuata nyuma hana subira. Lori lililokuwa mbele yangu likawasha taa za breki. Nikakanyaga. Gari likapunguza mwendo, na chupa ikachomoka kwenye sweta. Niliisikia kabla ya kuiona, mlio wa chuma kwenye sakafu, ikabingirika mbele. Nilipokanyaga mara ya pili, pedali ilishuka nusu ikagota. Chini yake kulikuwa na kitu kigumu cha mviringo.

Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari hula karibu mita 17 kila sekunde. Nilirudisha gia hadi ya pili, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, huku naipiga ile chupa kwa kisigino, mara moja, mara mbili, hadi ikajitoa ikaenda upande wa klachi. Mama aliyekaa nyuma yangu alikuwa ameshika kiti changu kwa mikono miwili.

"Dere, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

Nilimdanganya. Tulipofika Salgaa nilisimama kando, nikashuka, nikamweleza ukweli na kumwomba msamaha. Chupa ilikuwa na bonde ubavuni, upana sawasawa na wa pedali. Chai ilikuwa ingali ya moto, lakini mikono yangu ilikataa kufungua kifuniko.

Sitafuti wa kumlaumu kwa siku ile. Gari lilikuwa limekaguliwa, tairi zilikuwa nzima, na shimo la chupa lilikuwapo pale pale alipoliweka aliyelibuni. Lilikuwa tupu. Chupa haikuweza kukaa humo, kwa hiyo ilikaa mahali pasipo pake, na kitu kisicho na mahali pake ndani ya gari kitapata mahali chenyewe.

Najua jibu la haraka: dereva asinywe akiendesha. Nakubali, na kwa kweli mimi hunywa tukisimama Kericho. Lakini hata nisipoonja tone, kati ya Kisumu na Kericho chupa lazima iwe imekaa mahali. Na kusafiri bila kinywaji si jambo la kumshauri mtu wa barabara hii. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na jua la uwanda wa Kano pale Ahero linakausha koo kabla ya saa nne asubuhi. Mau Summit iko juu zaidi ya mara mbili ya hapo, na baridi yake inadai kitu cha moto. Safari ni moja, siku ni moja, na dereva yule yule anahitaji maji baridi kwenye uwanda na chai mlimani. Wapo wenzangu walioacha kunywa kabisa wakiwa kazini ili wasisumbuke na chupa. Jioni wanalalamika kichwa na mgongo. Dereva mwenye kiu tangu alfajiri hafai kuwa na roho za watu mikononi.

Huo mwinuko una jambo jingine. Chupa ya plastiki niliyoifunga Kisumu hufika Mau Summit imejaa, tumbo gumu kama ngoma, kwa sababu hewa ya nje imepungua kani na ya ndani inasukuma. Ile niliyoifunga Mau Summit hufika Kisumu imejibonyeza, imelegea, inagongagonga shimoni. Anayepima chupa mara moja mezani, katika mji mmoja, hataliona hilo.

Sasa nielezeni: shimo hili lilipimwa kwa chombo gani? Nadhani najua. Magari mengi tunayoendesha yalikuja nchini yakiwa yametumika Japani, na sheria yetu inataka yasizidi miaka minane yanapoingia. Vipimo vyote vya ndani viliamuliwa huko, kwa ajili ya mtu mwingine. Mkebe wa soda una kipenyo cha milimita 66 hivi, na chupa ya plastiki ya nusu lita haiko mbali na hapo. Kwa hiyo shimo likatengenezwa la kumeza milimita 66 na nafasi kidogo ya kupumua. Katika magari mengine ni kile kijishikio cha kuvuta, kinachotoka kwenye dashibodi kama ulimi, mbele ya tundu la hewa, ili ubaridi uipige soda. Ni kitu kizuri kwa mkebe. Kiwekee lita moja ya maji ndani ya chupa ya chuma, uzito unaopita kilo moja, upite kwenye tuta moja tu la barabarani, uone kitakavyolia. Gari langu lilinunuliwa likiwa na vishikio viwili vya namna hiyo. Kimoja kilivunjika mwezi wa pili, cha pili nimekifunga ndani na hakifunguliwi.

Siwalaumu wale waliobuni. Walimtazama mtu wao wakapima anachokunywa, na wakifanya hivyo hufanya vizuri sana. Kuna magari madogo ya Japani yenye shimo la pembe nne badala ya duara, kwa sababu watu wa huko hununua maziwa na juisi katika boksi la karatasi ambalo kitako chake ni mraba wa sentimita 7. Ukitaka boksi hilo liingie kwenye duara, lazima duara liwe na karibu sentimita 10 kutoka ukingo hadi ukingo, na hapo mkebe utacheza kama mtoto ndani ya koti la babake. Kwa hiyo mtu fulani alikaa, akafikiri, akachora mraba wenye duara ndani yake, na vyombo vyote viwili vikakaa. Mtu huyo namheshimu bila kumjua. Ninachoomba ni kwamba afike mwenzake huku kwetu na atazame vivyo hivyo.

Nami nimejaribu kutazama. Jumamosi moja niliazima futi ya fundi seremala, nikapita kwenye steji Nakuru nikipima vyombo vya madereva, makanga na abiria waliokuwa wakingoja gari lijae. Mkebe mwembamba wa kinywaji cha kuongeza nguvu una sentimita 5 na kidogo; ukiuweka shimoni unayumba, na kona ya kwanza unalala. Chupa ya soda ya kioo ina kitako chembamba na shingo ndefu, nayo ikijaa hukaa, ikibaki nusu huanza kutikisika. Chupa za chuma za lita moja nilizopima zilifika sentimita 9. Thamosi za chai zilizidi hapo. Kikombe cha bati cha uji wa wimbi kilikuwa na sentimita 9 mdomoni, na ukihesabu mkono wake kilifika 12; huo mkono ndio unaokizuia kushuka kwenye shimo lolote nililowahi kuliona. Kikombe cha karatasi cha chai ni chembamba chini na kipana juu, kwa hiyo hushikwa kitakoni na kuachwa kichwa kikiyumba. Pakiti laini ya maziwa haisimami hata mezani. Katika vyombo 23 nilivyopima siku hiyo, vilivyokaa imara kwenye shimo la gari langu vilikuwa 6.

Na kuna kibuyu. Kapsoit, karibu na Kericho, alipanda bibi mmoja mwenye kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kuchachushwa ya Wakalenjin, kimepambwa shanga, kifuniko cha ngozi. Alikuwa anampelekea mjukuu wake Nakuru. Nilimuuliza kama nimshikie nikiweke mbele.

"La, mwanangu. Hiki hakikai mahali, kinashikwa."

Akakishika. Kitako cha kibuyu ni mviringo kama yai, na mwenye nacho anajua hivyo tangu utotoni. Kutoka Kapsoit hadi Nakuru mikono yote miwili ya bibi yule ilikuwa juu ya kibuyu, na kila nilipofunga breki mwili wake ulikwenda mbele bila mkono wa kujizuia. Nilimtazama kwenye kioo safari nzima. Hakumwaga tone. Sidai kila gari liwe na mahali pa kibuyu, lakini nilitamani kiti cha mbele yake kingekuwa na mfuko wa wavu wa kukipokea, aweze kushika kitu.

Jambo ambalo wakubwa wetu wa serikalini wanapaswa kulisikia ni hili: vyombo vyetu vilibadilika kwa amri yenu. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini. Tarehe 5 Juni 2020 ikafuata marufuku ya plastiki za kutumia mara moja ndani ya hifadhi za wanyama, misitu na fukwe zinazolindwa. Naziunga mkono amri zote mbili kwa moyo wangu wote. Nimeona kando ya Ziwa Nakuru ilivyokuwa zamani na ilivyo sasa. Nikifika langoni na wageni, wenye chupa za maji za dukani huzimimina kwenye chupa za chuma kabla hatujaingia, na mimi mwenyewe nilinunua ile chupa yangu ya lita moja kwa sababu hiyo. Lakini angalieni kilichotokea. Mlituondoa kwenye chupa ya nusu lita iliyokuwa inaingia shimoni, mkatupeleka kwenye chupa ya chuma isiyoingia. Ndani ya hifadhi barabara ni ya vumbi na mashimo, mgeni anasimama kupiga picha ya kifaru, na chupa nne za chuma zinabingirika miguuni mwa watu. Anayelinda mazingira na anayeandika viwango vya magari wote ni wa serikali moja. Wangekaa meza moja kwa nusu siku.

Na mtu asiseme ni jambo dogo. Mwaka 1992, huko Albuquerque nchini Marekani, mama wa miaka 79 aitwaye Stella Liebeck alikuwa kiti cha abiria, gari limesimama, na kahawa ya moto mkononi. Gari halikuwa na mahali pa kuwekea kikombe. Akakibana kati ya magoti ili afungue kifuniko atie sukari, kahawa ikammwagikia, ikamchoma vibaya hadi akafanyiwa upasuaji wa kupandikiza ngozi. Kesi yake ilijulikana duniani kote, na watu wakabishana miaka mingi kuhusu joto la ile kahawa. Mimi kila nikikumbuka habari hiyo huyaona yale magoti. Nimebana kikombe hivyo mara ngapi? Ninyi je?

Huko huko Marekani watengenezaji walikwisha kuamka. Zamani kilichokuwapo ni viduara viwili vya kina kifupi kwenye kifuniko cha sanduku la dashibodi, vya kutumika gari likiwa limeegeshwa. Magari ya kubebea familia ya kampuni ya Chrysler ya mwaka wa 1984 yakaja na mashimo halisi, na leo lipo gari, Subaru Ascent, lenye mashimo 19 kwa watu wasiozidi wanane. Kwa hiyo kutoboa si kazi. Lakini mashimo 19 ya kipimo kisicho changu ni sawa na viatu 19 visivyoniingia.

Suluhisho nimeliona kwa macho yangu, na halikutoka kiwandani. Baada ya ile siku ya Sachangwan nilikwenda kwa fundi wa jua kali hapa Nakuru, kijana mpole anayechomelea viti vya matatu. Nilimwambia anitengenezee shimo la sentimita 9. Akaishika chupa yangu, akaigeuza, akauliza, "Na siku ukibeba soda, mzee?" Nikanyamaza. Akachukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia ambao chupa yangu iliingia kwa raha. Juu ya mdomo wake akavuta kipande cha tyubu ya tairi la lori, akakifunga kwa waya pembeni, kisha akakichana kwa wembe kutoka katikati kwenda ukingoni, mara nane, kama petali za ua. Ukisukuma mkebe mwembamba, petali zinaubana. Ukisukuma chupa ya chuma, zinakunjika na kuikumbatia. Upande mmoja akakata mfereji wa kuteremshia mkono wa kikombe, akazikunja kingo zake zisikate vidole. Kina chake ni sentimita 12, nusu ya urefu wa chupa yangu, kwa sababu, alisema, "chupa haianguki kitakoni, inaanguka kichwani." Akaufunga kwenye sakafu kando ya kiti kwa skrubu mbili, nao unachomoka kwa mkono mmoja ili uoshwe.

Hilo la kuosha nalisisitiza. Chai ya maziwa yenye sukari ikimwagika kwenye shimo lisilotoka, haiondoki. Inakauka, inanata, inaita sisimizi, na siku ya joto la Kisumu gari zima linanuka maziwa yaliyochacha. Nimewahi kufunguliwa sehemu ya gia na fundi wa umeme, akanionyesha waya zilizogandiana kwa sukari iliyopenya kutoka kwenye shimo la juu yake.

Tangu hapo nimekwenda na kurudi na ule mkebe miezi mingi. Haujaangusha chombo hata kimoja. Wenzangu kadhaa wa steji wamemwendea yule kijana, na kila mmoja anakuja na chupa yake mkononi ipimwe.

Kwa hiyo ndugu wabunifu, huko mliko, gari lenu litafika kwetu hata kama hamkulikusudia sisi, na litakaa kwetu muda mrefu kuliko lilivyokaa kwenu. Lipatieni shimo lake mdomo mpana na kitu laini cha kuubana, kina cha kutosha, mfereji wa mkono wa kikombe, na sehemu ya ndani inayotoka. Wekeni mahali ambapo kiwiko hakigongi gia na chombo kikidondoka hakina njia ya kufika kwenye pedali.

Nanyi mnaounganisha na kuunda mabodi hapa nchini, Thika, Nairobi, Mombasa na karakana zetu za Nakuru na Kisumu, nyinyi hamna kisingizio cha umbali. Mnapanda matatu hizi. Mfuko wa wavu nyuma ya kila kiti na mkebe mmoja wa maana kwa dereva ni gharama ndogo kuliko redio mnazofunga.

Na kwa mnaosimamia kiwango cha KS 372 cha ujenzi wa mabodi ya magari ya abiria: mtakapokipitia tena, naomba mahali pa chombo cha dereva pahesabiwe pamoja na viti, milango na njia ya kupita, kama sehemu ya usalama. Na wanaokagua magari wakichungulia chini ya gari, wachungulie pia kilichobanwa kando ya kiti cha dereva. Waulize kwa nini kimebanwa pale.

Ile chupa yenye bonde ningali nayo, na mkebe wa fundi naweza kuuchomoa nikauleta popote mtakaponiita. Au njooni nyinyi na futi zenu. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri niko steji ya magari ya Kisumu hapa Nakuru. Nitawakusanyia vyombo vya steji nzima mvipime, na yule kijana nitamwomba awe hapo.

Ni mimi,
Dereva wa barabara ya Kisumu–Nakuru